Asilimia Mbili ya Waliobaki Nyumbani

Agosti 9, 2022, sajili ya wapiga kura ya Kenya ilikuwa na majina 22,120,458. Karibu milioni 7.8 kati ya wenye majina hayo hawakufika kituoni. William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49 ya kura halali; Raila Odinga akapata 6,942,930; George Wajackoyah na Waihiga Mwaure wakaambulia kwa pamoja kura zisizofika 94,000. Tangu siku hiyo mabishano yamekuwa juu ya pengo la kura 233,000 lililowatenganisha wawili wa kwanza. Ipo hesabu nyingine isiyotajwa sana, nayo inamgusa zaidi mwananchi aliyechoshwa na vyama vyote. Laiti watu 140,000 kati ya wale milioni 7.8 wangetoka nyumbani na kumpigia mgombea mwingine yeyote, hata yule aliyeshika mkia, Ruto asingevuka nusu na nchi ingerudi debeni kwa duru ya pili. Watu hao ni pungufu ya wawili katika kila mia moja ya wasiojitokeza.

Si wote hao waliosusa kwa makusudi. Wamo marehemu ambao majina yao hayajafutwa, wamo wagonjwa, wamo waliokuwa kazini au mbali na vituo walikojiandikisha. Lakini vifo na safari havitoshi kueleza mteremko wa karibu miaka kumi. Mwaka 2013 kiasi cha watu 86 katika kila mia ya waliojiandikisha walipiga kura. Agosti 2017 wakawa kama 79. Mwaka 2022 wakabaki 65 hivi. Vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa takriban asilimia 40 tu ya sajili ya 2022, tena idadi yao ilikuwa imepungua kuliko 2017, katika nchi ambayo vijana ndio wengi miongoni mwa watu wazima. Huu ni uamuzi wa watu wanaofikiri. Wametazama bidhaa iliyowekwa mezani, wakaona haiwafai, wakaondoka.

Tunapoelekea uchaguzi wa Agosti 10, 2027, kauli ya watu hawa ni moja: wote ni wale wale. Nitaichukulia kauli hiyo kwa uzito wake, kwa sababu ushahidi mwingi uko upande wake. Ninachokataa ni hitimisho linaloambatanishwa nayo, kwamba kwa kuwa vyama havitofautiani basi kura haina kazi. Katiba ya 2010 ilimwekea mpiga kura asiye na chama nguvu ambayo mfuasi sugu hana. Nguvu hiyo inapotea pale anapozunguka akitafuta chama cha kuamini, asikione, na kukata shauri la kukaa nyumbani.

Tuanze na ushahidi. Mwaka 2023 muungano wa Azimio, ukiongozwa na Raila, uliitisha maandamano kupinga gharama ya maisha na Sheria ya Fedha ya mwaka huo, iliyopandisha kodi ya VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuleta tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Watu walikufa katika maandamano hayo. Juni 2024 kizazi cha Gen Z kikaingia barabarani bila kuitwa na chama chochote, kupinga Mswada wa Fedha wa 2024. Juni 25 bunge likavamiwa, makumi ya vijana wakauawa, na kesho yake Rais akakataa kutia saini. Julai akavunja baraza la mawaziri. Wiki chache baadaye baraza jipya likaapishwa, na ndani yake walikuwemo vigogo wanne wa ODM, chama cha Raila: John Mbadi akakabidhiwa Wizara ya Fedha yenyewe, Opiyo Wandayi, aliyekuwa kiongozi wa wachache bungeni, akapewa kawi, Hassan Joho madini, Wycliffe Oparanya ushirika. Machi 7, 2025 Ruto na Raila wakatia saini mkataba wa vipengele kumi kati ya ODM na UDA, chama cha Ruto. Raila alipofariki Oktoba 15 mwaka huohuo, alikiacha chama kikivutana kuhusu iwapo kiko serikalini au katika upinzani. Aliyeipigia ODM kura mwaka 2022 ili iisimamie serikali alijikuta ameisaidia kuingia serikalini. Hakuna aliyemuuliza.

Wala hayo hayakuanza 2024. Mwezi Oktoba 2022, miezi miwili tu baada ya uchaguzi, Spika Moses Wetang'ula aliamua kwamba wabunge 14 waliochaguliwa kwa vyama vilivyokuwa ndani ya Azimio wahesabiwe upande wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, na kwa njia hiyo walio wengi wakawa wachache. Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi huo Februari 2025. Siku chache baadaye Spika akatoa uamuzi mwingine, na Kenya Kwanza ikabaki upande wa walio wengi. Oktoba 2024 Bunge la Kitaifa lilipitisha hoja ya kumtimua Naibu Rais Rigathi Gachagua kwa kura 281. Idadi hiyo haiwezi kupatikana kwa upande mmoja wa bunge pekee. Ilihitaji wabunge wa upinzani kwa wingi, pamoja na wabunge waliopanda jukwaa moja na Gachagua miaka miwili iliyotangulia.

Sababu ya mambo haya iko katika umri wa vyama vyetu. Kibaki alishinda 2002 kwa NARC, muungano ulioundwa mwaka huohuo wa uchaguzi. Mwaka 2007 aligombea kwa PNU, iliyoundwa miezi michache kabla ya kura. Uhuru Kenyatta aliingia mwaka 2013 kwa TNA ndani ya muungano wa Jubilee, na 2017 kwa Chama cha Jubilee kilichozinduliwa Septemba 2016. Ruto alikuja 2022 na UDA, chama kilichopewa jina hilo baada ya uchaguzi wa 2017. Kwa hiyo, tangu KANU, chama tawala cha zamani, ing'olewe, hakuna rais aliyepata ushindi kwa jina la chama lililokuwa debeni miaka mitano kabla. Mpiga kura anaambiwa asome manifesto na kupima rekodi ya chama, lakini chama kinakufa au kubadilishwa jina kabla ya siku ya hesabu. Fedha nazo zinachangia. Sheria inataka Hazina ya Vyama vya Kisiasa itengewe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya taifa, na vyama havijapata kiwango hicho. Sheria ya kudhibiti gharama za kampeni imekuwepo tangu 2013, lakini hakuna uchaguzi uliosimamiwa kwa viwango vyake. Chama kinachoishi kwa mfuko wa kinara mmoja huenda anakokwenda kinara huyo.

Basi anayesema wote ni wale wale hajakosea kuhusu vyama. Kosa liko katika kudhani kwamba kukaa nyumbani ni jibu. Kenya ilifanya jaribio kamili la kususia. Baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017, Raila alijiondoa kwenye marudio ya Oktoba 26 na kuwataka wafuasi wake wasijitokeze. Wengi walimsikiliza; waliopiga kura walikuwa kama asilimia 39 ya sajili. Uhuru alipata asilimia 98 ya kura hizo, Mahakama ya Juu ikaidhinisha, na Novemba 28 akaapishwa na mamlaka yaleyale ambayo angekuwa nayo kama wangejitokeza wote. Machi 9, 2018 ikaja handisheki, maridhiano ya Uhuru na Raila, na waliofaidi handisheki ni viongozi wawili na watu wao wa karibu. Hakuna kifungu cha Katiba kinachohesabu waliobaki nyumbani. Mshindi anapimwa kwa kura zilizopigwa, na kila anayejiondoa anaipunguza nusu ambayo mshindi anatakiwa kuivuka. Anayesusa kwa hasira dhidi ya serikali anaishushia serikali hiyo kizingiti.

Hapa ndipo hesabu ya 140,000 inapopata maana. Kifungu cha 138 cha Katiba kinamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, uchaguzi mwingine hufanyika ndani ya siku thelathini baina ya wawili walioongoza. Kwa kanuni hiyo, kura yoyote isiyokwenda kwa anayeongoza inamzuia kwa uzito uleule, iwe imekwenda kwa mpinzani wake mkuu au kwa mgombea ambaye jina lake halijulikani nje ya kaunti yake. Katika duru ya kwanza ya urais hakuna kura iliyopotea isipokuwa ile isiyopigwa na ile iliyoharibika.

Wengi watapinga, na pingamizi lao lina mizizi katika historia chungu. Mwaka 1992, baada ya kurejea kwa vyama vingi, FORD, chama cha upinzani, iligawanyika. Matiba alikwenda na FORD-Asili, Jaramogi na FORD-Kenya, huku Kibaki akisimama kwa chama chake cha DP. Rais Daniel arap Moi akashinda kwa asilimia 36 hivi, ilhali zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura walikuwa wamemkataa. Mwaka 1997 mambo yakawa yaleyale, akashinda kwa kama asilimia 40. Kizazi kizima kikajifunza kwamba kugawa kura za upinzani ni kuisaidia serikali, na somo hilo ndilo lililozaa NARC mwaka 2002. Ndilo pia linalotumiwa leo kumnyamazisha kila anayetaka kumpigia mgombea wa tatu, iwe ni Jaji Mkuu mstaafu David Maraga au mwingine yeyote: utagawa kura, atarudi yuleyule.

Lakini somo la 1992 lilifundishwa chini ya sheria ya 1992. Wakati ule aliyeongoza alichukua kiti hata akiwa na theluthi moja, almradi apate robo ya kura katika mikoa mitano. Hakukuwa na sharti la nusu. Kama sharti la leo lingekuwepo wakati ule, Moi angelazimika kukutana na Matiba ana kwa ana katika duru ya pili, na Wakenya wangeamua baina ya watu wawili tu. Kanuni ilibadilika Agosti 2010, lakini woga umebaki palepale. Vinara wana sababu ya kuutunza, kwa kuwa unawaruhusu kudai kura za watu wote wasioridhika bila kuwaahidi chochote: umoja kwanza, maswali baadaye. NARC ilionyesha maswali ya baadaye yanavyokwisha. Mkataba wa maelewano uliowaunganisha vinara wake ulivunjwa mapema, na kufikia kura ya maamuzi ya katiba ya 2005 waliokuwa baraza moja walikuwa wakipigana hadharani, upande mmoja chini ya alama ya ndizi na mwingine ya chungwa.

Mtu makini ataniuliza: duru ya pili itamsaidia nini aliyevunjika moyo, ikiwa watakaobaki ni walewale wawili aliowakataa? Jibu langu ni kwamba itabadilisha wakati wa majadiliano. Desturi ya Kenya ni kwamba mapatano huja baada ya kura, wakati mpiga kura hana tena kitu mkononi. Ndivyo ilivyokuwa 2008, 2018, 2024 na 2025. Duru ya pili inawalazimisha wawili hao kutafuta kura za watu waliowakataa ndani ya siku thelathini, hadharani, huku wenye kura wakiwa bado nazo. Mgombea wa tatu mwenye asilimia nne anaweza kununuliwa, hilo sina shaka nalo. Waliompigia hawawezi kukabidhiwa pamoja naye kama mzigo, hasa wakiwa ni watu waliomchagua kwa sababu hawapendi kukabidhiwa. Zaidi ya hayo, kura hizo zinabaki kwenye kumbukumbu, na sehemu kubwa ya Hazina ya Vyama hugawanywa kwa kufuata kura ambazo kila chama kilipata, hivyo chama kidogo kilichoshindwa kinaweza kupata uwezo wa kuishi hadi uchaguzi unaofuata badala ya kufa siku ya matokeo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni usalama. Duru ya pili haijawahi kufanyika Kenya. Siku thelathini za joto la kisiasa katika nchi iliyopoteza zaidi ya watu 1,100 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 si jambo la kupuuzwa, wala gharama yake si ndogo. Sina njia ya kuliondoa pingamizi hili lote. Ninachoweza kuonyesha ni kwamba moto wa 2007 uliwashwa na hesabu iliyofichwa na tangazo la jioni lililofuatwa na kiapo cha haraka, katika uchaguzi uliokwisha kwa duru moja. Mvutano wa 2013, Agosti 2017 na 2022 ulikuwa pia wa duru moja, na kila mara ushindi ulikuwa umebanwa au kupingwa mahakamani. Mwaka 2013 Uhuru alivuka kwa asilimia 50.07. Ushindi unaokaa juu ya uzi mwembamba kiasi hicho, ukitoka kwa sehemu ndogo zaidi ya sajili kila uchaguzi, una hatari zake pia, na hatari hizo tumeziishi.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: kura hazihesabiwi, mshindi hupangwa. Agosti 15, 2022 makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi, IEBC, waliyakana matokeo ya urais mbele ya taifa, na kuanzia Januari 2023 nchi ikakaa zaidi ya miaka miwili bila makamishna, hadi Erastus Ethekon na wenzake walipoapishwa Julai 2025. Imani haijengwi kwa mwendo huo. Lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Maina Kiai, Juni 2017, matokeo yanayotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho, na mwaka 2022 fomu za matokeo za 34A kutoka vituo vyote 46,229 ziliwekwa mahali ambapo yeyote mwenye simu angeweza kuzisoma na kuzijumlisha. Mahakama ya Juu ilizikagua Septemba mwaka huo na kutupilia mbali maombi ya kubatilisha ushindi. Mlango wa wizi ulio wazi zaidi sasa uko kituoni penyewe, pale ambapo mgombea mdogo hana wakala. Watu waliochoka na vyama wanaweza kuuziba wenyewe kwa kusimama na kusoma fomu iliyobandikwa mlangoni.

Hadi hapa nimezungumzia karatasi moja. Mkenya hupewa sita siku moja: rais, gavana, seneta, mbunge, Mwakilishi wa Kike na diwani wa wadi. Wanasiasa humsihi azipige kwa mtindo wa suti, rangi moja kutoka juu hadi chini, ili rais apate watu wa kufanya naye kazi. Ombi hilo linaficha jambo la msingi. Karatasi tano zilizobaki hazina sharti la nusu. Anayeongoza anachukua, hata kwa asilimia 30. Kwa hiyo somo la 1992, lililokwisha nguvu kwa urais, bado ni sheria kamili kwa gavana na mbunge. Mpiga kura huyohuyo anatakiwa kutumia mbinu mbili zinazopingana katika chumba kimoja: kwenye karatasi ya rais ampigie anayempenda kweli hata akiwa wa tano, na kwenye karatasi ya gavana atafute ni nani mwenye nafasi ya kumng'oa asiyefaa, ampigie huyo hata kama si kipenzi chake. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunajibana kwenye urais, kisha tunatawanya kura huku chini, na gavana mzembe anapita katikati.

Wananchi wanaweza kung'oa, na wamefanya hivyo. Mwaka 2017 Evans Kidero aliondolewa Nairobi, Isaac Ruto Bomet, Peter Munya Meru. William Kabogo alianguka mapema, kwenye mchujo wa Jubilee huko Kiambu. Mwaka 2022 ikawa zamu ya James Nyoro Kiambu, Lee Kinyanjui Nakuru na Francis Kimemia Nyandarua. Meru inastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu imewakataa magavana wake kila mara. Ilimwondoa Munya, ikamweka Kiraitu Murungi. Ikamwondoa Kiraitu baada ya muhula mmoja, ikamweka Kawira Mwangaza, mgombea huru aliyewashinda watu wenye vyama na majina makubwa. Kwa yeyote aliyechoka na vyama, hiyo ilikuwa habari njema mno. Kilichofuata kinafundisha zaidi. Bunge la kaunti lilipitisha hoja za kumwondoa mara tatu, na Agosti 2024 Seneti ikakubali ya tatu. Sitaingia katika haki au dhuluma ya mashtaka yake. Ninaloona ni kwamba gavana aliyeingia bila chama alikutana na madiwani wasiomdai wala kumtegemea kwa lolote. Waliompigia yeye kisha wakawapigia madiwani kwa mazoea walijenga nyumba bila kutazama ukuta wa pili. Kumchagua huru juu kunahitaji kazi ya makusudi kwenye wadi, karatasi ambayo wengi huitia alama bila kusoma jina.

Kwa mbunge, chama kina maana ndogo kuliko kura zake mwenyewe bungeni, na kura hizo zimeandikwa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipita kusomwa mara ya pili Juni 20 kwa kura 204 dhidi ya 115, na Juni 25 kusomwa mara ya tatu kwa 195 dhidi ya 106. Majina yapo. Ukiyapitia utawakuta waliopata viti kwa tikiti za upinzani wakiunga mkono, na utaona pia nani hakuwepo siku ile, jambo ambalo nalo ni uamuzi. Tofauti ya kura tisa baina ya 204 na 195 ilitokea katika siku tano ambazo simu za wabunge zilikuwa zikiita mfululizo kutoka kwa wananchi wasiojulikana. Sioni kipimo bora kuliko hicho. Mswada ule ulikuwa mtihani ambao chama hakikuweza kumfanyia mbunge: alisimama akahesabiwa peke yake. Na kwa kuwa vipengele vya sheria vilivyoelekeza namna ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muhula kwisha vilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017, Agosti 2027 ndiyo siku pekee ambayo orodha hiyo inaweza kumdhuru mtu.

Linabaki lile linalosemwa kila mara, kwamba yote haya ni bure kwa sababu Mkenya hupiga kura kwa kabila. Ngome zipo, sikatai. Lakini tuitazame 2022 ilivyokuwa. Uhuru Kenyatta, akiwa rais na kinara wa Mlima Kenya, aliwaambia watu wake wamchague Raila, ambaye mgombea mwenza wake alikuwa Martha Karua wa Kirinyaga. Mlima ulimpigia Ruto kwa wingi mkubwa, Kirinyaga ikiwemo. Kinara aliamuru, jamii ikaamua vingine kwa sababu za mfuko na kinyongo chake. Mtu anaweza kusema waliochaguliwa hawakuwa bora; hawezi kusema kura ile ilitolewa kwa amri. Na waandamanaji wa Juni 2024 walikuwa Nyeri, Eldoret, Kisumu na Mombasa siku moja, ngome zilizokuwa pande tofauti miezi ishirini na miwili kabla.

Sehemu ambayo aliyevunjika moyo anaidharau kabisa ni mchujo. Katika maeneobunge mengi ya Nyanza, Bonde la Ufa, Mlima Kenya na Ukambani, anayepata tikiti ya chama cha eneo ndiye anayekwenda Nairobi. Agosti huwa ni kuthibitisha tu. Kwa hiyo uchaguzi wenyewe hufanyika miezi kadhaa kabla, mbele ya watu wachache sana, au haufanyiki kabisa pale kinara anapogawa tikiti za moja kwa moja kama vyama vikubwa vilivyofanya kwa baadhi ya viti mwaka 2022. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka huohuo yanaruhusu uteuzi kwa kura za wanachama wenyewe au kupitia wajumbe, na njia hii ya wajumbe ndiyo iliyo rahisi kununuliwa. Mtu asiye na imani na chama ana sababu nzuri ya kujiandikisha kuwa mwanachama wake: bila kulipenda jina wala rangi, anapata sauti mahali ambapo kiti kinaamuliwa, na haki ya kulalamika wanachama wanaporukwa. Juni 2021 maelfu ya Wakenya waligundua katika rekodi za Msajili wa Vyama kwamba tayari wameandikwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvijua. Vyama vilitaka majina yao ili kutimiza masharti ya usajili, na vikayachukua bila ruhusa. Wenye majina walikasirika, wengi wakajitoa. Wachache waliuliza jina hilo lingewapa haki gani lingekuwa lao kweli.

Anayefikiria kusimama mwenyewe kama mgombea huru ana hesabu tofauti. Kifungu cha 85 cha Katiba kinamtaka awe hajawa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kwa hiyo njia hizi mbili haziwezi kufuatwa pamoja hadi mwisho, na uamuzi unapaswa kufanywa mapema kuliko msimu wa mikutano ya hadhara. Usajili wa kuendelea wa wapiga kura ulifunguliwa tena Septemba 29, 2025, na Tume imesema inalenga wapiga kura wapya zaidi ya milioni sita. Waliokuwa na miaka 15 walipotazama bunge likivamiwa kwenye simu zao watakuwa na miaka 18 kufikia Agosti 2027. Wao hawakuishi 1992, na hawana sababu ya kuurithi woga wake.